Mionzi na Mbung'o: Somo Kutoka Unguja kwa Wafugaji wa Pwani

Mfugaji wa Vihingo, katika nyika za Kibaha na Kisarawe, hahitaji kufundishwa mbung'o ni mdudu gani. Vichaka vya pwani na vya bonde la mto Ruvu ni makao ya mdudu huyo tangu zamani. Ng'ombe anayeumwa naye mara kwa mara huanza kudhoofika: manyoya husimama, damu hupungua, maziwa hukatika, mimba hutoka, na asipotibiwa hufa. Ugonjwa huo ndio nagana, nao huletwa na vimelea vidogo ambavyo mbung'o hutoa kwa mnyama mmoja na kumwingizia mwingine. Katika sehemu nyingine za nchi, jamii za mbung'o huambukiza pia binadamu ugonjwa wa malale.

Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba ng'ambo ya bahari tu, katika kisiwa cha Unguja, mbung'o alikwisha kabisa katika miaka ya 1990. Dawa za kuua wadudu zilisaidia kumpunguza, lakini silaha iliyommaliza ilikuwa mionzi: mionzi ya aina ile ile inayotumika hospitalini kutibu saratani, na ambayo jina lake huwatia watu hofu kwa sababu ya Hiroshima mwaka 1945 na Chernobyl mwaka 1986.

Yawezekanaje kitu kimoja kiwe sumu, dawa na silaha ya mfugaji? Je, njia iliyofaulu Unguja inaweza kumfaa mtu wa Vihingo? Makala haya yanajibu maswali hayo mawili. Jibu la swali la kwanza limo ndani ya seli. Jibu la pili limo katika ramani.

Mionzi ni nini

Mwanga wa jua, joto la moto na mawimbi ya redio yote ni mionzi, kwa maana ya nguvu inayosafiri kutoka mahali hadi mahali. Lakini mionzi inayozungumziwa hapa ina sifa moja ya pekee: ina nguvu ya kutosha kung'oa elektroni kutoka katika atomi inayoigonga. Atomi iliyonyang'anywa elektroni huitwa ioni, na kwa hiyo mionzi ya namna hii huitwa mionzi ya kuioniza.

Baadhi ya mionzi hiyo hutengenezwa kwa mitambo, kama vile eksirei. Mingine hutoka katika atomi ambazo viini vyake havijatulia. Viini hivyo hujipunguza vyenyewe kwa kutoa chembe au mionzi, na tabia hiyo huitwa unururifu. Mionzi inayotoka ni ya aina tatu kuu. Alfa ni chembe nzito, nazo huzuiwa hata na karatasi. Beta ni elektroni ziendazo kasi, nazo huzuiwa na bati la alumini lenye unene wa milimita chache. Gama haina uzito wala umeme. Hupenya mwili mzima, na kuipunguza kunahitaji risasi au zege nene.

Mionzi hii haikuanza na bomu. Imo katika miamba na udongo, hushuka kutoka anga za juu, na hutoka katika gesi ya radoni inayopanda kutoka ardhini. Imo hata katika chakula, kwa kuwa sehemu ndogo sana ya potasiamu iliyomo katika ndizi, maharage na miili ya watu ni nururishi. Kipimo cha athari ya mionzi kwa binadamu ni siveti. Kwa wastani wa dunia nzima mtu mmoja hupata kiasi cha milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka katika vyanzo hivyo vya asili, nayo milisiveti ni sehemu moja ya elfu ya siveti.

Kipimo kingine ni grei, ambacho huonyesha nguvu iliyonyonywa na kitu: grei 1 ni jouli 1 katika kila kilo. Hapa pana jambo la kushangaza. Mtu akipata grei 5 mwili mzima kwa mara moja, bila matibabu, yaelekea atakufa katika wiki chache. Hata hivyo nguvu hiyo yote, ikigeuzwa kuwa joto, haiwezi kupandisha joto la mwili wake hata kwa sehemu mbili za elfu za digrii moja. Kijiko kidogo cha chai ya moto humwingizia mtu nguvu nyingi kuliko hiyo. Kwa hiyo mionzi haiui kwa wingi wa nguvu. Inaua kwa sababu ya mahali nguvu hiyo inapogonga.

Kinachotokea ndani ya seli

Katikati ya kila seli pana kromosomu, nazo zimeumbwa kwa uzi mrefu wa DNA ambao hubeba maagizo yote ya uhai. Mionzi inapopita ndani ya seli huweza kuukata uzi huo moja kwa moja. Huweza pia kuvunja maji yaliyomo katika seli na kuzalisha vipande vikali vya molekuli ambavyo huushambulia uzi.

Seli haikai kimya inapoumizwa. Ina vyombo vyake vya kutengeneza, navyo hufanya kazi kila siku, kwa kuwa DNA huumia hata bila mionzi. Kutoka hapo njia ni tatu. Kwanza, uzi huungwa sawasawa na seli huendelea kama kawaida. Pili, uzi hushindikana kuungwa na seli hufa, hasa inapojaribu kugawanyika. Tatu, uzi huungwa vibaya. Seli huishi, lakini ikiwa na maagizo yenye kosa. Kosa hilo, likijumlishwa na mengine, laweza kuzaa saratani baada ya miaka mingi.

Mwaka 1927 mwanasayansi wa Marekani, H. J. Muller, alionyesha kwamba eksirei hubadili jeni za nzi wa matunda, na kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Nobel mwaka 1946. Kabla yake, mwaka 1906, Wafaransa wawili, Bergonié na Tribondeau, walikuwa wamegundua kanuni ambayo ndiyo ufunguo wa makala haya: seli zinazogawanyika kwa wingi huumizwa na mionzi kuliko seli zilizokwisha komaa na kutulia.

Kanuni hiyo moja hueleza mambo mengi. Mtu aliyepata mionzi mingi huishiwa damu na kuharisha kwa sababu uboho wa mifupa na ngozi ya ndani ya utumbo hugawanya seli kila siku. Nywele hunyonyoka mahali palipopigwa mionzi kwa sababu shina la unywele halipumziki. Mtoto aliye tumboni yumo hatarini kuliko mama yake, maana mwili wake wote uko katika ujenzi. Misuli na mishipa ya fahamu hustahimili zaidi. Na saratani hutibika kwa mionzi kwa sababu ni kundi la seli zinazogawanyika pasipo utaratibu. Daktari huzielekezea mionzi kutoka pande kadhaa, kwa siku nyingi na kwa kiasi kidogo kidogo, ili seli nzima za jirani zipate nafasi ya kujitengeneza. Hiyo ndiyo kazi inayofanywa katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ambako wagonjwa wa Kibaha na Kisarawe nao hupelekwa.

Sasa msomaji amwangalie mbung'o aliyekwisha komaa. Mabawa yake, macho yake na misuli yake ni seli zilizomaliza kugawanyika. Seli zilizo laini mbele ya mionzi ni zile za uzazi. Ndiyo maana mdudu huweza kustahimili makumi ya grei, na jamii nyingine hata zaidi ya grei 100, akabaki anaruka, anakula na kutafuta jike. Kilichoharibika ni kromosomu ndani ya mbegu zake. Mbegu hizo zi hai, huogelea na huliingia yai. Lakini kiumbe kinachoanza kujengwa hufa mapema, kwa kuwa maagizo yake yamekatika vipande. Dume wa namna hiyo huitwa dume tasa.

Udhaifu wa mbung'o

Wadudu wengi hutegemea wingi wa mayai. Mbung'o hutegemea malezi. Jike hataga mayai; hulea buu mmoja tumboni, akimlisha kwa maziwa yake mwenyewe, na kila baada ya siku tisa au kumi humzaa akiwa mkubwa. Buu huyo hujichimbia ardhini, hujifunika gamba gumu na kuwa pupa, na baada ya mwezi mmoja hivi hutoka mbung'o kamili. Katika maisha yake yote jike mmoja huzaa watoto wachache tu.

Zaidi ya hayo, jike kwa kawaida hupandwa mara moja, mwanzoni mwa maisha yake, kisha huhifadhi mbegu na kuzitumia hadi kufa. Akikutana na dume tasa, uzazi wake wote umekwisha. Tabia hii ndiyo mlango ambao sayansi iliingilia.

Wazo la kumshinda mbung'o kwa njia ya uzazi si geni katika nchi hii. Katikati ya miaka ya 1940, huko Shinyanga, mtafiti F. L. Vanderplank aligundua kwamba jamii mbili za mbung'o zikichanganywa hupata vizazi visivyozaa sawasawa. Aliwaachia mbung'o wa jamii moja katika pori la jamii nyingine, na wenyeji wa pori hilo wakakaribia kwisha. Mionzi haikuhusika, lakini jaribio hilo la Shinyanga lilionyesha mapema kwamba mdudu aweza kutumiwa kumwangamiza mdudu mwenziwe.

Hesabu ya madume tasa

Mwanasayansi wa Marekani, Edward Knipling, ndiye aliyeijenga hesabu ya njia hii, akaitumia kwa nzi ambaye mabuu yake hula nyama ya mifugo ingali hai. Mwaka 1954, kwa kuachia madume tasa, nzi huyo alimalizwa katika kisiwa cha Curaçao. Hesabu yake yafaa kufuatwa kwa makini, na mfano ufuatao ni wa kufundishia tu.

Tuseme pori lina majike 1,000 na madume 1,000. Kama wangeachwa, kila jike angeacha nyuma majike wawili katika kizazi kifuatacho. Sasa watu wanaachia madume tasa 9,000 katika kila kizazi. Katika kizazi cha kwanza, dume mmoja tu kati ya kila kumi ndiye mzima. Kwa hiyo ni majike 100 yatakayozaa, na kizazi cha pili kitakuwa na majike 200. Lakini madume wa porini nao sasa ni 200 tu, mbele ya wale tasa 9,000. Uwezekano wa jike kumpata dume mzima umeshuka hadi chini ya asilimia tatu. Majike wanne au watano ndio watakaozaa, na kizazi cha tatu kitakuwa na majike tisa. Hao tisa wana madume tisa kati ya maelfu. Kizazi cha nne hakipo.

Dawa inayoua asilimia 90 ya mbung'o katika kila kizazi hushusha idadi kwa mwendo mwingine: kutoka 1,000 hadi 200, kisha 40, kisha 8, kisha 2. Kadiri mbung'o wanavyopungua, ndivyo kila mmoja aliyebaki anavyokuwa wa gharama kubwa kumtafuta. Madume tasa hufanya kinyume chake. Kadiri mbung'o wa porini wanavyopungua, ndivyo madume tasa wanavyozidi nguvu, kwa maana dume hamtafuti jike kwa darubini. Humtafuta kwa silika.

Hesabu hiyo ina masharti mawili. La kwanza ni kwamba mbung'o wa porini wawe wachache tangu mwanzo. Kama ni milioni moja, yatahitajika madume tasa milioni tisa kwa kila kizazi, na hakuna kituo kinachomudu kazi hiyo. Kwa hiyo dawa na mitego hutangulia, madume tasa hufuata. Sharti la pili ni kwamba asiingie mbung'o mgeni kutoka nje. Sharti hili la pili ndilo lililotenganisha historia ya bara na historia ya kisiwa.

Mkwaja na Unguja

Mwishoni mwa miaka ya 1970 njia ya madume tasa ilijaribiwa katika ranchi ya Mkwaja, pwani ya Tanga, katika eneo la kilometa za mraba 195. Dawa ilinyunyizwa kwanza, kisha madume tasa wakaachiwa. Ili kuzuia wageni, vichaka vilifyekwa kuzunguka eneo hilo. Mbung'o walipungua kwa takriban asilimia 80. Hayo yalikuwa mafanikio, ila hawakwisha, maana mbung'o wa mapori ya jirani walivuka ukanda uliofyekwa. Ranchi yenyewe ilifungwa mwaka 2000, na ardhi yake ikaingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani.

Unguja ilikuwa na mazingira tofauti. Kisiwa hicho chenye ukubwa wa kilometa za mraba 1,600 hivi kilikuwa na jamii moja tu ya mbung'o, Glossina austeni, anayependa vichaka vizito na misitu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, Serikali, kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ilianza kumpunguza. Ng'ombe walimiminiwa dawa mgongoni, na vitambaa vya buluu vilivyotiwa dawa vikatundikwa vichakani. Mbung'o walipungua sana, lakini hawakwisha katika sehemu za kusini, hasa katika msitu wa Jozani. Kuunyunyizia dawa msitu huo kungehatarisha viumbe wengi wasio na hatia, miongoni mwao kima punju, ambaye asili yake ni Unguja.

Hapo ndipo madume tasa walipoingia. Katika taasisi ya utafiti wa mbung'o mjini Tanga walifugwa mbung'o kwa maelfu kwa maelfu, wakilishwa damu ya ng'ombe kupitia utando mwembamba wa silikoni uliowekwa mahali pa ngozi ya mnyama. Madume walipigwa mionzi ya gama, wakatiwa rangi ya unga inayong'aa chini ya taa maalumu, kisha wakasafirishwa na kuachiwa kutoka katika ndege ndogo. Kwa kuwa dume naye hunyonya damu, walilishwa kwanza damu yenye dawa ya kuua vimelea ili wasieneze nagana.

Kazi ya kuachia madume kwa ndege ilianza Agosti 1994 na kumalizika Desemba 1997. Kwa jumla waliachiwa madume tasa wapatao milioni 8.5. Rangi ile iliwasaidia watafiti kutambua katika mitego ni nani mgeni na ni nani mwenyeji. Majike walionaswa walipasuliwa kuona kama wamebeba viumbe vilivyokufa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Hata hivyo madume tasa waliendelea kuachiwa kwa zaidi ya mwaka mzima, na mitego ikaendelea kukaguliwa, kwa sababu kutomwona mdudu si sawa na kutokuwako kwake. Kisiwa kilitangazwa kuwa hakina mbung'o mwishoni mwa 1997.

Je, madume hao walibeba mionzi?

Swali hili huulizwa na watu wengi, nalo ni swali la haki. Jibu ni hapana. Mionzi ya gama itokayo katika kobalti-60 au sesiamu-137 huathiri elektroni za atomi inayopita. Haibadili viini vyake kuwa nururishi. Mtu aliyepigwa picha ya eksirei hatoki chumbani akiwa anatoa mionzi, kama vile nguo iliyoanikwa juani haiendelei kuwa jua usiku. Mbung'o aliyetolewa katika mtambo hana mionzi yoyote zaidi ya mbung'o mwingine. Wala hakuweza kurithisha utasa wake, kwa kuwa hakuacha mtoto.

Hapa inafaa kutofautisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kupigwa mionzi ni kupitiwa na miale kutoka chanzo kilicho nje. Chanzo kikifunikwa au kikiondolewa, miale hukoma. Kuchafuliwa na vitu nururishi ni kupatwa na vumbi, maji au unga wenye atomi nururishi, ambao hukaa katika ngozi, hewa, chakula au mapafu na kuendelea kutoa mionzi.

Tofauti hiyo ilijifunza kwa uchungu mji wa Goiânia, Brazil, mwaka 1987. Mtambo wa zamani wa kutibu saratani uliachwa katika jengo tupu. Watu waliochukua vyuma chakavu waliuvunja, wakakuta unga wa sesiamu-137 unaong'aa kwa rangi ya buluu. Unga huo ulipendeza, ukagawiwa ndugu na majirani, na wengine wakaupaka mwilini. Watu 249 waligunduliwa kuwa wamechafuliwa, na watu wanne walifariki. Chanzo kilekile, kikiwa kimefungwa katika risasi na kusimamiwa na wataalamu, kilikuwa kimetibu wagonjwa.

Kwa sababu hiyo vyanzo vya mionzi haviachwi mikononi mwa kila mtu. Tanzania ilipata sheria ya kukinga watu dhidi ya mionzi mwaka 1983, na mwaka 2003 ikatungwa Sheria ya Nguvu za Atomiki iliyounda Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Tume hiyo husajili na kukagua mitambo ya mionzi, na hupima mionzi inayowapata wafanyakazi. Kwa kanuni zinazokubalika kimataifa, mfanyakazi wa mionzi asizidi wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, na mwananchi wa kawaida asiongezewe zaidi ya milisiveti 1, pasipo kuhesabu mionzi ya asili na ya matibabu. Picha ya kifua humpa mtu kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milisiveti, au chini yake.

Kanuni za kujikinga ni tatu na hukumbukwa kwa urahisi: muda, umbali na ngao. Kaa karibu na chanzo kwa muda mfupi. Umbali ukizidishwa mara mbili kutoka chanzo kidogo, mionzi hupungua hadi robo. Na weka risasi au zege kati ya chanzo na mwili. Mjamzito anayetakiwa kupigwa picha amweleze mhudumu hali yake mapema. Na yeyote anayekuta chombo kizito cha chuma chenye alama ya mapanga matatu yaliyozunguka duara asikiguse wala kukiuza kama chuma chakavu. Ajiweke mbali na kutoa taarifa serikalini.

Vihingo haina bahari pande zote

Sasa inawezekana kujibu swali la mfugaji wa Vihingo. Mionzi inayomfanya dume wa Unguja kuwa tasa itamfanya hata dume wa Ruvu kuwa tasa. Kinachokosekana ni bahari. Vichaka vya Kibaha na Kisarawe vimeungana na vya Bagamoyo, na mbele zaidi na mapori mengine. Pia pwani ya bara ina jamii zaidi ya moja ya mbung'o, na madume tasa wa jamii moja hawana kazi kwa majike wa jamii nyingine. Mbung'o wakimalizwa mahali pamoja pasipo kizuizi, wengine watarudi, kama ilivyokuwa Mkwaja.

Hii si kusema kwamba bara haiwezekani kabisa. Nchini Senegal, katika eneo la Niayes karibu na Dakar, watafiti walichunguza kwanza jeni za mbung'o na kugundua kwamba kundi la hapo limetengana na makundi mengine, kana kwamba linaishi kisiwani. Ndipo madume tasa walipoanza kuachiwa, mwaka 2012. Kwa hiyo swali la kwanza kwa Mkoa wa Pwani si ndege ngapi zinunuliwe, bali mbung'o wa hapa wametengana na nani na wameungana na nani. Hadi swali hilo lijibiwe, njia zinazofaa ni zile zilizo mkononi: kuogesha mifugo kwa dawa inayoua mbung'o, kutundika vitambaa vilivyotiwa dawa, kutibu nagana kwa dawa sahihi na kipimo kamili ili vimelea visizoee dawa, na kuepuka kuchunga vichakani kwa saa ambazo mbung'o huuma zaidi. Wafugaji wakifanya hivyo kwa pamoja hupata nafuu kubwa. Akifanya mmoja peke yake, mbung'o wa jirani humfidia hasara ya wenzake.

Lipo na jambo la mazingira. Mbung'o, pamoja na madhara yake yote, amekuwa mlinzi asiyelipwa wa misitu mingi ya Afrika. Akiondoka, mifugo na mashoka huweza kuingia. Msitu wa Hifadhi wa Ruvu Kusini, kama misitu mingine ya pwani, tayari umeumizwa na ukataji wa mkaa. Kwa hiyo mpango wa kummaliza mbung'o usiotanguliwa na mpango wa matumizi ya ardhi huweza kuponya ng'ombe na kuua chemchemi anakonywa maji.

Hitimisho

Mionzi haina wema wala ubaya wa asili. Hukata uzi wa uhai popote inapougonga. Uzi huo ukiwa wa seli ya saratani, mgonjwa hupona. Ukiwa wa mbegu ya mbung'o, ng'ombe huokoka. Ukiwa wa mtoto aliye tumboni au wa fundi asiyekingwa, ni msiba. Linaloamua ni mambo matatu: seli gani, kiasi gani, na chanzo kinatunzwa na nani. Unguja ilifaulu kwa sababu mambo hayo yalipimwa kabla ya ndege ya kwanza kuruka, na kwa sababu bahari ilikamilisha kazi ambayo mionzi peke yake isingeiweza.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini grei 5 huweza kumwua mtu ilhali joto lake ni dogo kuliko la kijiko cha chai?

2. Eleza, kwa kutumia kanuni ya mwaka 1906, kwa nini mbung'o aliyepigwa mionzi huendelea kuruka lakini hazai.

3. Rudia hesabu ya madume tasa kwa kuanza na majike 1,000 na madume 1,000, ila uachie madume tasa 1,000 tu kwa kila kizazi. Je, mbung'o watakwisha? Jibu lako linafundisha nini kuhusu kutanguliza dawa na mitego?

4. Mtu mmoja amepigwa picha ya eksirei. Mwingine ameshika unga nururishi. Ni yupi anayeweza kumdhuru jirani yake, na kwa nini?

5. Jadilini katika kikundi: kama mbung'o wangekwisha Kibaha na Kisarawe, ni sheria gani za ardhi na misitu zingepaswa kuwa tayari kabla ya siku hiyo?